Karibu nizichape na muuza mbolea kisa mita ya EC. Tuongee umeme unavyopita kwenye maji, udongo na waya

fundi_nyaya:
Wakuu habari za jioni. Mi ni fundi umeme niko Dodoma, pembeni nina nusu eka ya vitunguu na nyanya inayokunywa maji ya kisima. Bwana shamba alipita akaonja yale maji akasema yana chumvi chumvi, nunua mita ya EC, yani ya kupima maji yanapitisha umeme kiasi gani, upime. Nikanunua ile ya mfukoni, nikaichovya kwenye tanki, ikasoma 1,900. 1,900 ya nini? Hata sikujua, nikaona ni namba kubwa tu nikairudisha mfukoni.

Sasa siku hiyo nayeyusha yurea kwenye pipa, nikasema ngoja nijifanye msomi nipime kabla na baada. Kabla 1,900. Nikamwaga yurea ya kutosha, nikakoroga mpaka ikapotea yote, nikapima, 1,900 na uchafu kidogo juu. Nikaweka tena. Haisogei. Aisee damu ilichemka, nikajua nimeuziwa mbolea feki, nikabeba mfuko hadi dukani na maneno yalinitoka ambayo siwezi kuyaandika hapa kuna watoto. Yule mzee wa duka akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, alafu akaniuliza taratibu, "kijana, we si ndo uliyenifungia taa hapa nje? Sasa fundi umeme mzima hujui yurea haina chaji?" Kumbe mzee alifundisha kemia sekondari kabla hajastaafu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kwa hiyo huu uzi ni mambo aliyonifundisha yule mzee pale juu ya kiroba cha pumba, nikachanganya na ya kazini kwangu, maana mi miaka yote najua umeme unapita kwenye kopa na sikuwahi kujiuliza kwenye maji unapitaje.

Iko hivi. Umeme ili upite lazima kuwe na kitu chenye chaji kinachoweza kutembea. Kwenye waya wa kopa wabebaji ni elektroni, na ziko huru tayari ndani ya chuma, nyingi ajabu, mita moja ya ujazo ina kama 8.5 alafu usogeze desimali kwenda kulia mara 28. Kwenye maji hamna elektroni za kuzurura hivyo. Wabebaji ni ayoni, yani vipande vya chumvi vilivyoachana baada ya kuyeyuka, sodiamu huku ina chanya, kloridi kule ina hasi, kalsiamu, magneziamu, salfeti, naitreti, vinaogelea kila kimoja upande wake. Yurea ikiyeyuka inabaki molekuli nzima nzima, haiachani, haina chaji, kwa hiyo mita haiioni kabisa. Sukari hivyo hivyo.

Jaribu nyumbani. Chukua glasi mbili za maji ya betri, yale ya kuongezea sio asidi jamani, moja weka sukari kijiko nyingine chumvi bana kidogo tu ya vidole viwili. Ya sukari mita inalala karibu na sifuri, ya chumvi inaruka. Maji safi kabisa, yasiyo na kitu, ni 0.055 tu kwa mikrosiemensi kwa sentimita ukipima kwenye nyuzi 25. Maji ya Ziwa Victoria ni karibu 100. Tanganyika karibu 650. Bahari karibu 50,000. Na mimi na kisima changu tuko 1,900 tunajiita tunamwagilia.

Kabwela77:
Mkuu uzi mzuri ila umesema maji safi hayapitishi umeme, sasa mbona mtu akishika waya na mikono imelowa anaondoka? Acha kudanganya watu wafe.

fundi_nyaya:
Kabwela hilo ni swali la maana. Hayo maji ya mkononi hayakuwa safi, yana jasho lako, sabuni, vumbi, chumvi za bombani. Alafu ukilowa ngozi yenyewe inashuka upinzani. Na kiasi cha umeme cha kuua ni kidogo mno, RCD, ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, inatengenezwa ikate kwenye miliampia 30 sababu juu ya hapo moyo unaanza kuhatarishwa. Ukilinganisha, kopa inapitisha umeme mara kama milioni 10 kuliko maji ya bahari, na kuliko maji ya kisima changu ni kama mara milioni 300. Lakini kukuua haihitaji upitishaji wa kopa. Zima swichi kubwa, kausha mikono, ndo ushike.

chemstud_udsm:
Mtoa mada uko vizuri. Naongezea tu, ile pipa yako ungeiacha siku chache ungeona namba inapanda yenyewe. Bakteria na udongo vina kimeng'enya kinachovunja yurea kuwa amonia, hapo sasa zinatokea ayoni na mita inaanza kuona.

fundi_nyaya:
Umenikumbusha chemstud, ile pipa nililisusa kwa hasira na lilikuwa na tope chini. Nilivyorudi mita ilikuwa imepanda kweli na harufu ni ile ya choo cha shule ya msingi saa saba mchana. Nikajua mbolea ni nzima, aibu ikawa mara mbili.

mdau_wa_matone:
Mimi mita yangu inaandika ppm, yani sehemu kwa milioni, sio hiyo mikro nini. Ya jirani nayo ppm. Maji yale yale, mfereji ule ule, yangu inasema 950 yake inasema 1,330. Nani kapigwa?

fundi_nyaya:
Hamna aliyepigwa hapo. Hakuna mita ya mfukoni inayopima ppm kwa kweli, zote zinapima upitishaji alafu zinazidisha na namba waliyopanga kiwandani kukisia uzito wa chumvi. Wengine wanazidisha 0.5 wengine 0.7. Chukua 1,900 zidisha nusu unapata 950, zidisha 0.7 unapata 1,330. Maji ni yale yale bana, mkalinganishe EC muache kununiana. Na ukikuta mtu anasema 1.9 usishtuke, hiyo ni milisiemensi, na desisiemensi kwa mita ni kitu hicho hicho. 1,900 gawa kwa elfu.

Kingine, joto. Waya wa kopa ukipata moto unapitisha vibaya zaidi, kama asilimia 0.4 kila nyuzi moja, sababu atomu zinatetemeka elektroni zinagonga gonga. Maji ni kinyume, yakipata joto yanakuwa mepesi, ayoni zinatembea haraka, EC inapanda kama asilimia 2 kila nyuzi. Ndo maana vipimo vyote vinarudishwa kwenye nyuzi 25. Ukiwa na kamita kasikorekebisha joto, ukapima tanki jeusi saa nane mchana maji yako nyuzi 40, hiyo 1,900 utaisoma karibu 2,500 na utaita mkutano wa ukoo. Pima asubuhi.

Msee_wa_Naivasha:
Boss hii iko sawa kabisa. Huku kwa greenhouse tunapima EC ya maji inaingia na ile inatoka chini ya mfuko kila asubuhi. Kama inaingia 2.0 na inatoka 3.5 unajua mmea unakunywa maji na kuacha chumvi nyuma, inajaa tu hapo kwa mizizi. Hapo unaongeza maji mpaka itoke na chumvi yake. Mtu mgeni akiona inatoka juu anaongeza mbolea akidhani mmea una njaa, anauchoma.

fundi_nyaya:
Msee hapo ndo pale nilipoumia mimi. Ngoja niwape hesabu ambayo ilininyima usingizi. 1,900 ukikadiria ni kama kilo 1.2 ya chumvi kwenye kila lita elfu moja. Nusu eka ukimwagilia milimita 5 kwa siku ni kama lita elfu kumi. Kwa hiyo kila siku mi mwenyewe kwa pampu yangu na mafuta yangu nilikuwa namwaga kilo 12 za chumvi shambani. Siku mia za kitunguu ni tani moja na kitu. Viroba 24 vya kilo hamsini! Kama jirani angenikuta natembea shambani na kiroba cha chumvi natawanya angeita wazee. Sio yote chumvi ya mezani, kuna kalsiamu na bikaboneti humo na nyingine inaganda inabaki chokaa, lakini mzigo ni mzigo. Maji yanapanda juu yanakauka, chumvi haipandi mbinguni. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja na sio nyingi, sasa nani ataisukuma chini?

Na vitunguu ni vitoto vya mama. Vipimo ambavyo FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanavitumia vinasema kitunguu kinaanza kuumia udongo ukifika 1.2 kwa milisiemensi, na kila ukipanda 1 unapoteza asilimia 16 ya mavuno. Nyanya inavumilia mpaka 2.5 alafu inashuka kama asilimia 10. Maharage 1.0 tu, na yanashuka asilimia 19, hayo usiyajaribu. Na kwa kawaida udongo unaomwagiliwa unakuja kuwa mara moja na nusu ya maji yako kama unamwagilia na ziada kidogo. Zidisha, 1.9 yangu inafika 2.85. Kitunguu kimepoteza robo kabla hata ya kuja mdudu, nyanya imepoteza kama asilimia 3. Mi miaka miwili nalaumu mbegu.

mdau_wa_matone:
Sasa udongo unaupimaje, unachomeka mita ardhini?

fundi_nyaya:
Hapana, hiyo ya mfukoni ukiichomeka ardhini utaiua. Udongo mkavu wenyewe haupitishi kitu cha maana, mchanga ni kama kioo tu. Kinachopitisha ni maji yaliyo katikati ya chembe na chumvi iliyo ndani yake, na mfinyanzi kidogo maana chembe zake zina chaji. Kwa hiyo udongo ule ule ukiwa mkavu unasoma kidogo ukilowa unasoma kikubwa, chumvi haijabadilika hata punje. Maabara wanaulowesha mpaka unakuwa uji unaong'aa, wanavuta maji yake wanapima hayo, na namba zote nilizotaja za nyanya na kitunguu ni za hiyo njia. Sisi wa mtaani tunachukua kikombe kimoja cha udongo mkavu uliosagwa na viwili vya maji ya betri, unakoroga, unaacha utulie nusu saa, unapima maji ya juu. Itasoma chini kuliko ya maabara sababu umeizimua, kwa hiyo usije ukapata 1.0 ukafurahi ukaenda kupanda maharage. Itumie kulinganisha, hapa na pale, kabla ya mvua na baada.

mama_Usa_River:
Naomba niulize kama mama mwenye watoto. Maji yetu huku mita inasoma vizuri tu, 400 na kitu. Fundi aliyeuza chujio akatuambia chini ya 500 ni salama kunywa. Ni kweli?

fundi_nyaya:
Dada yangu hapana, na huyo fundi kama yupo humu anisamehe. Mita inahesabu wabebaji tu, majina haijui. Huko Meru na Arusha shida yenu ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ile inayofanya meno ya watoto yawe ya kahawia. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sasa miligramu 4 za floraidi, ambazo ni mbaya kwa mtoto, kwenye EC zinaongeza kama 20 tu pamoja na sodiamu yake. Kwenye 400 utaionaje hiyo 20? Na bakteria ndo haonekani kabisa, maji ya mtoni yenye kinyesi yanaweza kusoma 80. Peleka maji maabara ya maji ya mkoa, waambie wapime floraidi kwa jina lake.

mama_Usa_River:
Asante kaka. Nitapeleka wiki hii.

pwani_raia:
Haya na mimi wa Kigamboni nina malalamiko. Alikuja mpimaji na vyuma vyake vinne na mawaya, akasema hapa chini kuna maji mengi sana kipimo kinaonyesha. Tukachimba. Maji kweli yapo, ukioga unatoka kama samaki wa kukaushwa. Hela yangu nani anarudisha?

fundi_nyaya:
Pole mkuu, ila vyuma vyake vilisema ukweli ni yeye alisoma nusu. Ile njia ya vyuma vinne alieleza Frank Wenner mwaka 1915 kule ofisi ya vipimo ya Marekani, viwili vya nje vinaingiza umeme ardhini, viwili vya ndani vinasoma volti, hivyo mgusano mbovu wa chuma na udongo hauharibu kipimo. Ukitanua vyuma umeme unazama zaidi unaona chini zaidi. Sasa chini kukipitisha umeme vizuri kunaweza kuwa maji, kunaweza kuwa mfinyanzi mtupu, na kinachopitisha kuliko vyote ni maji ya chumvi. Pwani ukiona upinzani umeshuka sana sana ndo uogope, sio ushangilie.

Na hata ukiyapata matamu usiyavute kwa fujo. Maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari humo chini, kwa kanuni ya wataalamu kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Kwa hiyo ukishusha kwa nusu mita kwa kuvuta, chumvi inataka kupanda mita 20 kukufuata. Majirani kumi kila mmoja na pampu, hesabu mwenyewe.

Kabwela77:
Mi nimepima maji kwa malitimita yangu kwenye omu, namba inakimbia tu haitulii. Malitimita mbovu?

fundi_nyaya:
Nzima. Malitimita inatoa umeme wa upande mmoja kama betri, ayoni zinakimbilia kwenye ncha zinajazana kule, nyingine zinageuka gesi, upinzani unapanda huku unaangalia. Mita ya EC inageuza geuza umeme huku na huku haraka hazipati muda wa kurundikana. Malitimita kaipimie waya, na hapo ina kazi nzuri siku hizi maana mtaani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa kopa juu unauzwa kwa bei ya kopa. Roli ya mita 100 ya waya wa milimita za mraba 1.5 wa kopa halisi inasoma kama omu 1.2 mwanzo mpaka mwisho, toa kwanza upinzani wa vile viwaya vya mita yenyewe. Ukikuta inakaribia 2 rudisha. Au kwaruza kwa kisu, ukiona cheupe ndani ndo hicho.

Msinielewe vibaya, aluminiamu sio takataka. Inapitisha kama asilimia 60 ya kopa kwa unene ule ule, ila ni nyepesi mara tatu na kitu, kwa hiyo kilo kwa kilo inaishinda kopa mara mbili, ndo maana nyaya za nguzoni ni aluminiamu. Shida ni kuiweka kwenye soketi ya kopa kwa kuisokota na koleo. Inaota kutu nyeupe isiyopitisha umeme, kiungo kinapata moto, nyumba inawaka.

Kabwela77:
Sawa. La mwisho mkuu, arthi. Fundi wangu kachimba shimo kaweka mkaa na kilo tano za chumvi kachomeka rodi. Kumbe alikuwa anapandisha EC ya udongo?

fundi_nyaya:
Hahaha ndo hicho hicho, anapandisha EC ya udongo kwa makusudi, mimi huku nalia naishusha. Inasaidia kweli, ila mvua mbili tatu chumvi imeshuka chini na rodi yako inaliwa na kutu.

Hesabu ya rodi ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16. Kwenye udongo wenye unyevu na mfinyanzi, wenye upinzani wa omu-mita 100, unapata kama omu 72. Kwenye mchanga mkavu wa mwezi wa kumi huku kwetu unaoweza kufika 1,000, unapata 720. Pasi ikivuja kwenye 230, kule zitapita ampia 3, huku 0.3. Hakuna breka ya ampia 32 itakayoshtuka kwa hizo, zote mbili. Body ya pasi inabaki na umeme inakusubiri. Kwa hiyo kama arthi yako ni rodi tu, RCD sio anasa, yenyewe inakata kwenye 0.03 hata rodi ikiwa mbovu. Alafu ongeza rodi ya pili mbali kidogo na ya kwanza, au zamisha ndefu zaidi ifike kwenye unyevu, badala ya kuchoma hela kwenye chumvi.

Kabwela77:
Na ile kilo tano iliyopo shimoni nifanyeje? Mke wangu kapanda mchicha pembeni yake na umenyauka.

fundi_nyaya:
Hamisha mchicha mkuu.